Kilio cha Houda kwa Nondo

Jumatatu, 5 Mei 2025
Rénovat anapeleka sanamu kwenye maonyesho ya Kibenga! Rénovat huyuhuyu tunayechomelea naye vyuma hapa Nyakabiga, ambaye geti lake moja halifungiki! Amerekodi ngoma, simu ikamchorea mawimbi ya sauti, akapinda nondo kuyafuata. Ukibonyeza kitufe, ngoma inasikika. Eti sanaa. Mimi nitapinda hisia za binadamu. Tuone.

Jumanne, 6 Mei
Nimekwenda msibani kwa jirani yetu Callixte, simu ikirekodi ndani ya kofia. Nimekaa katikati ya wanaolia. Sauti nzuri kabisa! Simu ikaita. Dative, binti wa Callixte, akanivua kofia mbele ya watu wote.
“We Tajudini! Unakuja kuiba mupaka machozi?”
Nimetoka bila kunywa chai.

Jumatano, 7 Mei
Kwa nini nihangaike nje wakati nina mke? Nimechomoa gurudumu la cherehani ya Houda, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Amelia dakika nne, mimi nyuma ya mlango narekodi. Kilio chenye milima na mabonde! Nilikusudia kulirudisha. Lakini kumbe linafaa sana kuwa kitako cha sanamu.

Ijumaa, 9 Mei
Nondo nimemaliza kuzipinda, gurudumu nimelipaka rangi ya dhahabu. Houda ameniuliza tena kama nimeliona. Nimesema labda panya.

Jumamosi, 10 Mei
Houda alikuja Kibenga na kitenge kipya, akimwambia kila mtu kwamba msanii ni mume wake. Mama mmoja wa kamati akabonyeza kitufe cha sanamu yangu. Kilio kikajaa ukumbini. Akafuta macho! Nikaanza kutafuta maneno ya kushukuru. Kisha ikatoka sauti yangu, niliyosahau kuikata: “Lia tu, Houda. Gurudumu ninalo mimi.”
Watu wakacheka. Houda akainama, akakwaruza rangi kwa ukucha.
Zawadi kapewa Rénovat.

Jumapili, 11 Mei
Houda amekwenda kwa dada yake huko Gatumba. Alisimama mlangoni, machozi yanatiririka bila sauti.
“Mama aliniachia kitu kimoja tu, Tajudini. Na we ulikuwa unanisikia.”
Nimeona aibu. Kweli kabisa. Nikamfuata mbio hadi barabarani, nikamshika mkono, nikaomba msamaha. Akaweka begi chini. Nikaona amelainika.
Ndipo nikamwomba arudie yale maneno, taratibu, kwa sababu pale mlangoni nilichelewa kuwasha simu irekodi.