Njiti wa Elfu Hamsini

Transfoma ya mtaa ilipolipuka saa tatu asubuhi, watu wote walisema pole, isipokuwa mtu mmoja aliyesema asante. Huyo alikuwa Nusu Bei. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu kila alichouza alikiuza nusu ya bei ya dukani, na kila alichouza kilifanya kazi nusu ya siku.

Alisimama akatazama moshi. Alimsikia fundi wa umeme akimwambia mwenzake kwamba transfoma nyingine itachukua miezi miwili kufika, akarudi chumbani kwake akipiga mluzi.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na magunia ya magamba matupu ya pawabenki, vile visanduku vyeusi vya kuchajia simu ukiwa njiani. Kila gamba lilikuwa limeshachapwa kwa rangi ya dhahabu: 50,000 mAh. Zile herufi tatu, kipimo cha umeme unaobebwa ndani, Nusu Bei hakujua zina maana gani, lakini alizipenda. Zilikaa pale kama cheo mwisho wa jina la mtu mkubwa.

Kazi yake aliifanya kwa usafi. Ndani ya kila gamba aliweka betri moja kuukuu iliyotoka kwenye kompyuta iliyokwisha kufa, akajazia mchanga ili mkono wa mnunuzi uridhike, akafunga kwa gundi. Mchanga wenyewe aliuosha kwanza akauanika. Hakupenda kumuuzia mtu kitu kichafu.

Wateja alikuwa ameshawachagua: wakunga. Mkunga akiitwa nyumbani kwa mzazi, simu ndiyo tochi yake, na ndiyo ya kuitia gari mambo yakiwa mazito. Zahanati ilikuwa na sola ya kuchajia mchana. Kilichokosekana ni chombo cha kubebea ule umeme. Nusu Bei alivaa shati lenye kalamu mfukoni, akaenda huko zahanati.

Mlango wa chumba cha wazazi ulikuwa wazi, umezuiwa chini kwa kitu cheusi. Alikiruka, akaingia. Mkunga mkuu, mama mmoja mjane mwenye kitambaa cheupe kichwani, alikuwa anakunja nepi. Mtaa mzima ulimwita Bibi, maana nusu ya mtaa huo aliipokea yeye kwa mikono yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Umeleta mgonjwa?"

"Nimeleta dawa ya giza." Akaweka pawabenki mezani taratibu, kama anayelaza yai. "Elfu hamsini, Bibi. Ukiijaza leo, unasahau chaji mpaka mwezi uandame. Dukani bei yake inatia kizunguzungu. Kwenu ninyi mnaotuletea watoto, nusu."

Bibi aliziweka nepi kando. Alifuta mizani ya kupimia vichanga, akatandika kitambaa safi, akatoa mfukoni pawabenki yake mwenyewe iliyochubuka pembe, akailaza.

"Hii yangu imeandikwa elfu kumi. Gramu mia mbili na arobaini." Akaitoa, akalaza ile ya Nusu Bei. "Na hii yako ya elfu hamsini, gramu mia tatu. Umeme mara tano, mwili karibu ule ule. Angekuwa mtoto, baba, ningemwandika njiti, nimpeleke akawekwe kwenye joto."

"Ni teknolojia mpya, Bibi. Siku hizi umeme wanaukondesha."

"Wanaukondesha."

"Kabisa. Mafuta yote yanatolewa."

Bibi alimtazama, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayesoma dua fupi. Kisha akasema, "Mimi za umeme sizijui. Fundi wa simu pale getini ndiye anayejua. Sisi wakunga wa zahanati hizi za karibu tupo arobaini, na tunazihitaji. Lete arobaini kwa hiyo hiyo nusu bei yako. Fundi atachagua kumi kwa mkono wake, atazipima. Zikipita, nachukua zote. Na uandike juu yake kilichomo ndani, si kingine."

"Arobaini tu, Bibi?"

"Kwenye chama chetu cha wakunga tupo zaidi ya mia nne. Nikiwaambia wenzangu kitu ni kizuri, watakitaka."

Nusu Bei alihisi masikio yakimsimama. "Na hao nao watataka kupima?"

"Mpaka leo hawajawahi kunipinga. Nikisema fanyeni hivi, wanafanya."

Alitoka akiruka tena kile kitu cheusi mlangoni, kichwani mwake mia nne wakicheza ngoma. Mia nne wasiopima.

Fundi wa simu alikuwa mwanamke wa miwani minene, kibandani kwake kumejaa simu zilizopasuliwa kama kuku. Nusu Bei aliegemea dirisha.

"Dada yangu, hiyo mita yako inakunywa chai?"

"Haina mdomo, kaka."

"Hata soda?"

"Ina namba tu. Ukichomeka, inahesabu umeme uliotoka. Ukitaka namba zipande, tia betri za kweli, nne kwa kila moja. Mimi ninazo, mpya. Ila nauza taslimu, na sipunguzi."

Nusu Bei alikwenda kukaa kwenye pikipiki yake kufikiri. Pikipiki ile nyekundu ndiyo ilikuwa mali yake pekee duniani. Aliipangusa kila asubuhi kabla hajanawa uso, na kaka yake alikuwa akisema ingekuwa inapika, angeioa. Akapiga hesabu ya mjanja: arobaini za kweli, kwa nusu bei, ni hasara. Lakini hasara hiyo ndiyo chambo. Baada yake wanakuja mia nne za mchanga, malipo mbele, halafu yeye na pikipiki mbili mpya kwenye mji wa mbali. Alistaajabia akili zake mwenyewe. Hakukumbuka kabisa kwamba wazo lile lilianzia mezani kwa Bibi.

Jioni ile pikipiki iliondoka na mtu mwingine. Nusu Bei aliisikiliza mpaka ilipokata kona.

Siku tatu alizitumia kumwaga mchanga na kupanga betri. Kazi ikawa nzuri, hata yeye akashangaa. Taabu ilikuja kwenye kuandika. Alibandika karatasi nyeupe juu ya ile dhahabu, akaandika 10,000 polepole. Kwa umri wake wote hakuwa amewahi kuandika ukweli juu ya bidhaa.

"Bado," alisema fundi alipoiona. "Elfu kumi ni za ndani. Simu inapata kama elfu sita na kitu, nyingine zinaliwa njiani umeme ukigeuzwa uingie kwenye simu. Muuzaji wa haki huandika zote mbili."

"Dada, unataka niuze au niungame?"

"Andika, kaka."

Akaandika. Fundi akachagua kumi, akazichomeka, na mpaka kesho yake jioni zote zilikuwa zimepita. Bibi akachukua arobaini, akalipa nusu bei palepale, akasema, "Mungu akubariki, baba. Umewafanyia wazazi jambo kubwa kuliko unavyojua." Nusu Bei aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, akajiona kama sanamu ya mtu mwema.

Juma lililofuata, mchana, aliitwa. Wenzake Bibi wamezisikia sifa, wanazitaka. Nusu Bei alikodi mkokoteni, akapakia mia nne za mchanga safi, ile namba ya dhahabu ikimeremeta, akausukuma mwenyewe hadi zahanati. Alitoka jasho, lakini jasho la mtu anayekaribia utajiri halinuki.

Ukumbini aliwakuta wakunga kumi na wawili kwenye benchi, wajumbe wa chama. Wote walimwamkia vizuri. Kisha akaona walichopakata. Kila mmoja alikuwa na mizani ya vichanga mapajani, imetandikwa kitambaa. Mwisho wa benchi aliketi fundi wa simu na mita yake.

"Karibu, baba," alisema Bibi. "Nimewaambia ulizoleta ni nzuri. Nikawaambia pia wazipime moja moja. Nao, kama nilivyokueleza, hawanipingi."

Mkunga wa kwanza akanyoosha mkono. Nusu Bei hakumpa kitu. Alikuwa anatazama mizani kumi na mbili, nazo zilikuwa kama zinamtazama.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "umenidanganya."

"Neno gani la uongo nilisema? Litaje, nikatubu leo leo."

Alirudi nyuma neno kwa neno, kama mtu anayetafuta kishikizo kilichodondoka. Wapo zaidi ya mia nne, kweli. Watazitaka, kweli. Hawampingi, kweli tupu. Wapi alisema hawatapima? Hakusema. Yeye Nusu Bei ndiye aliyejisemea.

"Kwa nini mimi?" aliuliza.

Bibi akanyoosha kidole chini, mlangoni. Nusu Bei akainama. Kile kitu cheusi alichokuwa akikiruka kilikuwa na namba ya dhahabu iliyofifia: 50,000 mAh.

"Mkunga mmoja binti wa hapa aliinunua kwako mwaka jana," alisema Bibi. "Simu ikamzimikia kichwa cha mtoto kikiwa njiani. Akamalizia kwa mshumaa, baba wa mtoto ameushika, anatetemeka mpaka nta inamdondokea. Mtoto mzima, kwa rehema za Mungu, na sasa ni mnene kama mkate. Nami nikaomba aliyeiuza arudi. Umerudi."

Wakunga walicheka, si kwa ubaya. Fundi akasukuma miwani yake juu. "Betri bado ninazo, kaka. Bei ile ile. Nao wako tayari kulipa bei ya dukani, kama zipo za kweli."

Nusu Bei alitazama mkokoteni, akatazama njia ndefu ya kurudi kwa miguu. "Nianze na ishirini," alisema, na maneno yalimtoka kama dawa chungu inayorudi.

"Vizuri. Na hii ya mlangoni, chukua mchanga wako."

Nusu Bei akakiinua kile kitu, akakipima mkononi, akakirudisha palepale polepole ili mlango usijifunge.

"Iache, Bibi," alisema. "Hiyo ndiyo pekee iliyowahi kufanya kazi mwaka mzima."