Ombi la Kuzinduliwa Tena Tarehe Kumi na Nne

Kalemie, tarehe 5 Novemba

Kwa Bwana Mkuu wa Protokole,
Biro ya Sherehe

Mheshimiwa Papa,

Nakuandikia kwa heshima zote, mimi mwenyekiti wa kamati ya afya ya mtaa wetu ulio ng'ambo ya mto. Utashangaa neno la ugonjwa kuletwa kwenye biro ya sherehe. Wakubwa wa afya tulishawaandikia. Walitujibu vizuri sana kwamba afya ni haki yetu tangu kuzaliwa, nasi tukaelewa: kitu mtu alichozaliwa nacho hakiletwi na kamyo ya mizigo. Vitu vyenu vya sherehe, lakini, huletwa na kamyo, na tumeviona kwa macho. Ndiyo maana malalamiko haya ni ya kwako.

1. Kituo chetu cha afya kimezinduliwa mara tatu: kwanza kuta, kisha bati, kisha rangi pamoja na yale maandishi ya ukutani, "Afya ni haki ya kila mtu." Kila mara kamyo ilishusha kitanda cha kuzalia, magodoro, friji ya chanjo, masanduku ya dawa, na daktari mwenye koti jeupe. Na kila mara, hotuba zilipokwisha, vyote vilipakiwa tena, daktari naye akapanda mbele, maana kesho yake kulikuwa na uzinduzi mwingine njia ya Niemba. Hatulalamiki kwamba vinaondoka, mgeni huondoka. Tunalalamika kwamba uzinduzi ni mfupi mno.

2. Siku ya rangi, Mama Evodie alishikwa na uchungu katikati ya hotuba ya pili. Alizaa salama juu ya kitanda cha sherehe, daktari yuko kando yake, huku shoferi akipiga honi na kuita, "Mama ashuke basi, kitanda njo kinaenda!" Mtoto anaitwa Protokole. Ni mnene, anakusalimia. Nani tena atasema sherehe haiponyi?

3. Tulijaribu kujipanga wenyewe. Tuliwaomba watu waugue siku za uzinduzi tu. Wengi walikubali, ila malaria haikuhudhuria mkutano. Papa Josias alivumilia ngiri yake wiki mbili akingoja utepe ukatwe. Tulimzika, raia mtiifu.

4. Kwa hiyo tunaomba mtuzindue kila wiki. Kuku tutatoa, kwaya ipo, akina mama wana vitenge vya sare. Kama shida ni kwamba kilichozinduliwa hakizinduliwi tena, tuko tayari kubomoa ukuta mmoja kila Jumamosi na kuujenga upya.

5. Kama kila wiki ni nyingi, basi tupeni siku moja, tarehe kumi na nne. Binti yangu Leila anatarajiwa kujifungua siku hiyo. Nesi wetu Immaculée, ambaye vifaa vyake ni mikono miwili na jamvi, amempapasa tumbo akasema mtoto hajageuka, kichwa bado kiko juu, asizae bila daktari. Hospitali iko mjini, na mvua ikinyesha hakuna pikipiki inayokubali kuvuka mto. Magari yenu marefu huvuka. Naogopa, Mheshimiwa, sikufichi. Leila ndiye mtoto wangu wa pekee. Hotuba ziwe ndefu mpendavyo. Tutapiga makofi mpaka mtoto atoke.

Unisalimie wote wa biro, wabeba viti, mpiga picha, shoferi wa honi, na daktari, popote mlipomshusha wiki hii.

Wako mwenye kungoja kwa adabu,
Abdoul-Karim Anwari

N.B. Leo ni tarehe 9. Barua ilikuwa bado mfukoni mwangu, nikingoja maji ya mto yapungue. Leila alishikwa na uchungu jana asubuhi, mvua ikinyesha. Yeye yu hai, alhamdulillahi. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Basi ile tarehe kumi na nne naiondoa, Mheshimiwa. Mje siku yoyote mtakayopata nafasi.