Visanduku Vinne na Anselm Wangu

Jumapili, 8 Desemba
Siku ya ishirini na tatu ya ndoa! Anselm ameniletea chai kitandani, kuatro yake kwapani, kile kigitaa cha nyuzi nne. Akanipigia kitu. Kilianza kama parang, nyimbo za Krismasi za Kihispania za babu zake wa huku bondeni. Katikati kikawa chutney, ule muziki wa harusi za Kihindi za kwetu, mji wa Debe. Mwishoni sijui. Pengine kalipso, pengine malaika. Chai ilipoa. Nani anajali!

Baada ya misa Shangazi Eulalie akagawa fomu za tamasha la Jumamosi. Ni dada wa marehemu baba yake Anselm, ndiye aliyemlea, na ndiye katibu. Mwaka huu kuna majaji, kwa hiyo kuna visanduku. Parang. Parang-soka, yaani parang ya kuchezeka. Chutney. Kalipso. Tia alama kimoja tu. Anselm aliitazama fomu, akairudisha tupu. Shangazi akasema jina lake haliingii kwenye ratiba mpaka ajue anapiga nini. Mwisho Alhamisi, saa sita mchana.

Anselm alisema si neno. Lakini njia nzima hakupiga mluzi. Hajakosa tamasha hilo tangu ana miaka tisa. Mume wangu, bila mluzi! Siwezi kukaa nikatazama tu.

Jumatatu, 9 Desemba
Nimezunguka chumba asubuhi nzima. Nimekunja nguo zilizokunjwa. Kisha wazo! Nikajaza fomu mwenyewe, nikatia alama visanduku vyote vinne, na kaua kadogo pembeni.

Shangazi aliirudisha kabla ya chakula cha mchana. Aliuliza kama nimeolewa na mtu mmoja au kwaya. Akasema pia kwamba mimi si mjinga, ni bibi harusi tu, na hali hiyo hupita.

Haipiti! Yangu haitapita.

Jumanne, 10 Desemba
Fomu tatu, majina matatu. Anselm Farfan, parang. A. Farfan wa Bondeni, chutney. Farfan Mdogo, kalipso. Mwandiko tofauti kila moja. Ule wa tatu niliuandika kwa mkono wa kushoto, nikajivunia sana.

Jibu limeletwa na Cosmos, jirani yetu mpiga marakasi, yale manyanga ya parang, aliyecheka tangu getini. Shangazi anauliza Farfan Mdogo amezaliwa lini, maana watoto wote wa ukoo huo yeye ndiye aliyewashika wakibatizwa.

Anselm amejifunika gazeti usoni. Nadhani alikuwa anacheka. Au la. Sikupata usingizi wa mchana.

Jumatano, 11 Desemba
Cosmos ndiye aliyenipa wazo, kwa hiyo alaumiwe yeye. Alisema parang huimbwa mlango kwa mlango, na mwenye nyumba akiwafungulia waimbaji na kuwalisha, hawezi tena kusema walichopiga si parang. Basi! Tukamwimbie Shangazi mlangoni!

Anselm hakutaka. Nikamtazama kwa yale macho ya kwenye picha ya harusi. Akachukua kuatro.

Saa kumi alasiri tulikuwa barazani kwa Shangazi. Harufu ya pasteli, zile za unga wa mahindi na nyama, zikichemka kwenye majani ya mgomba ilipenya chini ya mlango. Anselm alikuwa bado anakaza nyuzi. Mimi sikuweza kungoja. Wimbo wa Kihispania ninaoujua ni mmoja tu, mtamu kupita zote, ule alioniimbia tulipotoka ukumbini siku ya harusi, mama yangu akalia. Nimeukariri wote bila kujua maana ya neno hata moja. Nikafumba macho, nikaanza.

Marakasi za Cosmos zikanyamaza. Kisha sauti ya Shangazi, ya upole kabisa:

“Asanteni kwa kuja, wanangu. Safari njema.”

Na komeo likaingia.

Kumbe ule ni wimbo wa kuaga! Huimbwa ukishakula, ukiwa unaondoka. Nimeaga kabla ya kubisha hodi. Cosmos alikaa kwenye ngazi akashindwa kuinuka kwa kucheka.

Alhamisi, 12 Desemba
Saa tano na nusu Anselm alivaa shati safi, akasema anaenda kutia alama kwenye parang, yaishe. Alisema kwa sauti ndogo. Yote kwa ajili yangu! Nilimfuata mbio, ndala za kuogea miguuni.

Nilifika kalamu iko juu ya karatasi. Shangazi alikuwa anamkazia macho.

“Ukitia hapo utapiga parang tu, mwanzo mpaka mwisho?”

“Nitajaribu, Shangazi. Hata nikiwa na miaka tisa nilijaribu, jikoni kwako.”

“Nikakufukuza.”

“Ukanifukuza. Halafu ukasimama dirishani ukisikiliza.”

Shangazi akachukua kalamu, akaifunga kifuniko. Akasema basi, hakuna kisanduku, hakuna jaji, hakuna zawadi. Atapiga wa mwisho, watu wakikusanya sahani.

Jumamosi, 14 Desemba
Sahani hazikukusanywa! Alianza bondeni, akapita Debe, akaenda anakojua yeye. Bwana Lezama, jaji mkuu, alifungua daftari, akaandika, akafuta, akalifunga, akaomba kiti chake kisogezwe mbele.

“Hiyo si parang,” Shangazi akaniambia, mguu wake ukigonga sakafu.

Nikasema wala si chutney.

“Nani kakuuliza, bibi harusi?” Akaniwekea pasteli mbili.

Njia nzima Anselm alipiga mluzi. Wangu! Wangu huyu!

Jumapili, 15 Desemba
Nimejifunza mengi wiki hii. Anselm haingii kwenye kisanduku, na mimi sitamsukuma tena kamwe.

Baada ya misa Bwana Lezama alisema anaandikisha wanamuziki wa Kanivali huko mjini. Fomu yake ina visanduku sita. Nimechukua fomu sita. Mkono wa kushoto umeshazoea.

Jumatano tutamwimbia mlangoni kwake, kumlainisha. Anselm bado hajui. Cosmos alikubali haraka mno. Bwana Lezama ni mtu wa mjini, mambo ya wimbo upi kwanza, upi mwisho, hatayajali. Nitaanza mimi. Ule mtamu.