Kalafati ya Giaboksi

Jumamosi, 10 Januari 2026

Ti. Ndiyo sauti yenyewe. Tone moja juu ya mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni. Tangu hapo naisikia kila mahali. Hata katika sala ya adhuhuri, Mungu anisamehe.

Linalovuja ni lori la barafu la Ami Aboud. Mafuta mekundu, ya giaboksi otomatiki. Ami kaenda Chovai, anarudi Alhamisi. Akilikuta zima, funguo ni zangu, na kazi ya kuwapelekea wavuvi barafu ni yangu. Akilikuta bovu, anampa binamu yangu Nasrudin, mwenye gari la punda na maoni mengi. Miaka mitatu ya chuo Mombasa, halafu nishindwe na punda!

Nimemwita Fuadi fundi. Akalala chini ya lori, akasema gasketi ya bakuli la chini la giaboksi imechoka, na mpya itafika Ijumaa. Ijumaa! Nikaondoka akiwa bado anaongea.

Jumapili, 11

Nimepata! Marehemu babu alikuwa fundi wa kutia vyombo kalafati. Pamba iliyolowa sifa, yaani mafuta ya papa, unaigonga kwenye mwanya, na chombo kinafika Kiunga kikavu. Kama bahari nzima haiingii, mafuta kidogo yatatokaje? Hoja hii nimeiandika mara mbili. Haina kasoro.

Nikamwendea Bibi Bimdogo, mjane wake, kuazima nyundo ya mbao, patasi na chupa ya sifa. Akauliza ni chombo gani. Nikasema kidogo. Akauliza kama kina tanga. Nikasema hakina. Akanipa vyote. "Mchu huyu," akaliambia paa; mchu ni mtu, kwa Kibajuni chake.

Saa mbili nzima chini ya lori. Sifa mpaka sikioni. Kopo kimya!

Jumatatu, 12

Paka kumi na mmoja chini ya lori. Jirani yetu Zaituni kaja kuuliza, kwa upole, kama tumefiwa na papa. Nasrudin kasimamisha punda wake, akataka kujua lori limeanza lini kuwa na wapenzi. Nilikuwa nimeshika kijiti cha kupimia mafuta, nikionekana mtaalamu.

Kijiti kikaonyesha pungufu. Kitabu cha gari kinasema upime injini ikiwa imeshapata moto na inanguruma. Mimi niliwasha nikapima papo hapo. Kungoja ni kwa wasiosoma. Nikaongeza lita mbili: moja ya haja, moja ya akiba.

Jumanne, 13

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilipakia barafu, wavuvi wakiningoja ufukweni. Lori likaondoka vizuri, likinuka. Mbele ya soko la samaki giaboksi ikapata moto. Mafuta yakaumuka kama maji ya wali, yakafoka juu kwa povu, yakabubujika chini. Pamba ikachomoza taratibu, kama ulimi. Gia zikakataa. Injini inanguruma, lori limesimama, barabara nyekundu kama tumechinja. Soko zima likatoka kutazama.

Nasrudin akaja na punda. Akahamisha barafu yote kwenye gari lake. Alipomaliza ndipo akasema.

"Dada Rawda, huyu ukimpa majani anaingia gia mwenyewe."

Jumatano, 14

Fuadi kafungua bakuli. Akavuta pamba, akainusa, akanigeukia, akaniita dada kwa Kisomali.

"Abaayo, humu ulikuwa unapika mchuzi?"

Akamwaga mafuta yote. Akatia mapya kusafisha, akayamwaga nayo. Akatia tena, akawasha, akangoja, akapima. Akanieleza kwamba Jumamosi lori lilihitaji nusu lita tu. Na gasketi? Kaikata mwenyewe kwenye kipande bapa cha gome la vizibo vya chupa, kabla chai yake haijapoa. Nikamuuliza, kwa ukali, kwa nini hakuniambia hivyo tangu Jumamosi. Akasema alikuwa ananiambia nilipoondoka.

Alhamisi, 15

Ami karudi. Kampitia Bibi Bimdogo kwanza, kwa hiyo alijua. Akalizunguka lori, akainama, akapitisha kidole chini ya giaboksi. Kikavu. Akakinusa. Akacheka mpaka akashikilia mlango.

Lori ni zima, akasema, na ahadi ni ahadi. Funguo zangu! Sharti moja tu.

"Kitu kikivuja usikiguse. Mwite Fuadi, umsikilize mpaka amalize."

Nikakubali kwa moyo wote. Nasrudin kanipongeza. Punda kageuza uso.

Alasiri: ti.

Si mekundu safari hii. Maji ya kijani, kutoka kwenye rejeta. Nimempigia Fuadi, kama sharti linavyotaka. Akaanza na bomba, sijui na skrubu iliyolegea. Nikamshukuru nikakata simu, maana nilikuwa nimeshaelewa kosa langu. Sifa ni ya mianya. Chini ya chombo babu alipaka deheni, chokaa iliyopondwa na shahamu, na haikupitisha kitu. Jumapili nilichagua dawa isiyofaa, basi.

Nimeshapaka rejeta yote, mbele na nyuma, hakuna tundu lililobaki la kupitisha hata upepo. Inakauka.