Mzigo Mdogo Utangulie

Jumatatu, 2 Juni 1958

Siku kubwa! Bwana Direkta ameniita ofisini mwake na kunikaribisha kiti. Miaka sita mimi karani wa gati, na leo ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba kiti kile kina mto. Ameniambia wiki ijayo Goma itapokea mkutano wa mabingwa wa reshershi operasioneli, yaani elimu ya kupanga kazi kwa hesabu. Watatoka Leopoldville, watatoka hata Ubelgiji. Wamesikia kwamba kwenye gati letu malori yalikuwa yakingoja siku tano kupakia meli ya Bukavu, na sasa mengi hayangoji hata siku moja. Wanataka kumsikia aliyebuni mpango huo. Mimi! Anastase Ndayambaje! Alhamisi ya tarehe 12, dakika ishirini, ndani ya hoteli ya ziwani ambayo mpaka leo naingia kwa mlango wa jikoni tu, makaratasi ya mizigo mkononi.

Kanuni yangu ni fupi. Lori lenye mzigo mdogo lihudumiwe kwanza. Wadogo wanapita upesi, foleni inapungua, Bwana Direkta anafurahi. Nimeibuni mwenyewe.

(Kusema kweli niliiona Masisi, kwenye hori la kunyweshea ng'ombe la baba mkwe wangu, muzee Habarurema, siku nilipokuwa namchumbia Dancille. Mwenye ng'ombe watatu alinywesha kabla ya mwenye arobaini. Lakini muzee hakuiandika popote. Mimi nimeiandika, kwa mashine, nakala tatu.)

Leo asubuhi amefika dereva aitwaye Ntirenganya, kutoka Bunagana, na magunia mia moja na ishirini ya viazi. Mzigo mkubwa. Nimemwambia angoje kidogo.

Jumanne, 3 Juni

Furaha imedumu saa kumi na nane. Adalbert naye atasema mkutanoni! Adalbert, karani wa posta, mwenye baiskeli yenye taa mbili ingawa barabara ni moja. Atatoa shukrani kwa niaba ya klabu yetu ya makarani. Dakika tano. Amekuja gatini kunipa habari, akasema tuko wasemaji wawili sasa, mimi na yeye, kama ndugu.

Sisi si ndugu. Dakika ishirini na dakika tano, nani ataona tofauti kutoka kiti cha nyuma? Tena nimeuliza: Profesa mwenyekiti, Mbelgiji, amepewa dakika sitini. Nimekaa nikaandika barua kwa heshima zote. Nimeomba tisini.

Alhamisi, 5 Juni

Tisini! Bwana Direkta ametia sahihi. Hutia sahihi kila karatasi inayofika kabla ya chakula cha mchana, na mimi najua saa ya kuipeleka. Nimemtumia Profesa muhtasari wa kanuni yangu, ili aje akiwa ameshaipenda.

Nimempa mchuuzi wa maziwa salamu za kupeleka Masisi. Muzee aje. Nimeamua. Kwa miaka sita, kila akija kwetu, mzee huyu ananiuliza swali lile lile: mkwe, kazi utaanza lini? Namweleza kwamba kazi ninayo, naandika malori. Anauliza ni malori yangu? Nasema si yangu. Anatikisa kichwa, anamtazama binti yake kwa huruma. Alhamisi atanitazama mimi nikiingia kwa mlango wa mbele, na Wazungu wakininyamazia dakika tisini. Sitaki kingine duniani.

Ntirenganya amelalamika. Jana malori matatu madogo yamempita, leo manne. Nimechukua chaki nikamchorea hesabu kwenye ubao wa lori lake. Ameitazama sana. Ameuliza kwenye mchoro viazi viko wapi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefanya zoezi mbele ya Dancille, akichambua maharage. Nimesema yote ninayoyajua juu ya kupanga kazi. Nimetazama saa. Dakika kumi na moja!

Hofu. Zimebaki sabini na tisa. Nimeongeza historia ya ziwa. Nimeongeza maisha yangu tangu ubatizo. Nimeongeza salamu, kila mkubwa kwa cheo chake, kuanzia Mfalme kushuka mpaka mkuu wa kituo, bila kuruka mtu, maana mkubwa akirukwa husahau yote uliyosema ila hilo. Salamu peke yake zimekula dakika thelathini na mbili. Afadhali!

Dancille ameniita kwa jina la mtoto wetu, bila kuinua macho: "Papa Florent, sema ile ya ng'ombe, kisha ukae."

Nimemweleza kwamba mbele ya mabingwa hakusemwi ng'ombe. Amesema basi maharage yameiva kabla ya Gavana kumaliza kusalimiwa. Mwanamke huyu nampenda, lakini hajui hotuba.

Jumanne, 10 Juni

Muzee amefika! Kwa miguu mpaka Sake, kutoka hapo juu ya lori la mbao, fimbo mkononi, na kibuyu cha maziwa alichokipakata kama mtoto mchanga. Amekunywa chai. Amenitazama. Ameuliza kazi nitaanza lini. Nimetabasamu tu. Keshokutwa, muzee, keshokutwa.

Nimempeleka kuona gati. Kosa langu! Ntirenganya alikuwa amekaa chini ya lori lake, siku ya tisa sasa. Wakaanza kusalimiana, ukoo huu, kilima kile, ng'ombe wa nani walikufa mwaka gani. Nimewaacha. Niliporudi muzee alikuwa ameshika kiazi mkononi, chenye macho meupe marefu. Ntirenganya ameniambia: "Papa Karani, viazi vinaota majani, miye naota mvi."

Muzee amekibeba kiazi kile njia nzima. Sipendi anavyokitazama.

Jumatano, 11 Juni

Msiba. Ratiba imebandikwa kwenye mlango wa hoteli. Nimetafuta jina langu juu. Katikati. Nimelikuta chini kabisa, karibu na jina la mpiga chapa.

Nimekimbia kwa Profesa. Mtu mwema, mwembamba, miwani mizito. Alipolisikia jina langu amenishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Amesema amesoma kanuni yangu ndani ya ndege, imempendeza mno, na kwa heshima yangu ameamua mkutano mzima upangwe nayo. Mwenye mzigo mdogo atatangulia! Adalbert, dakika tano, saa tatu asubuhi, watu wakiwa wabichi bado. Kisha wa dakika ishirini, kisha wa thelathini. Yeye mwenyewe, wa sitini, baada ya chakula. Mimi, wa tisini, saa nane na nusu mchana. Wajumbe wanapanda meli ya Bukavu kuanzia saa tisa.

Nimejaribu kumweleza kwamba kanuni ile ni ya viazi. Amecheka kwa furaha, akasema nina utani wa kisayansi.

Bwana Direkta ameniokoa, au amejaribu. Amesema nipunguze ziwe kumi na tano, atanisogeza asubuhi, nyuma ya Adalbert tu. Nyuma ya Adalbert! Na muzee nimeshamwambia tisini. Watu wote wa mtaani nimewaambia tisini, padri ametangaza tisini baada ya misa. Nimekataa kwa adabu. Nimetoka nje nikakaa juu ya mawe meusi mpaka yakanichoma suruali. Nilitaka kulia, lakini Adalbert alikuwa anapita na taa zake.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Tumeingia kwa mlango wa mbele. Mimi, Dancille katika kitenge kipya, muzee na fimbo yake. Mlinda mlango amesita kidogo, nikamwonyesha jina langu chini kabisa ya ratiba. Tumepita! Moyo ulikuwa unagonga tai.

Adalbert amesimama saa tatu kamili. Ameshukuru kwa mistari miwili. Kisha amesema kwamba kwenye gati la Goma mzigo mdogo hutangulia na mara moja hutoa nafasi, na yeye atafanya vivyo hivyo. Akakaa. Dakika mbili! Ukumbi umevunjika kwa vicheko na makofi. Profesa ameandika maneno yale kwenye daftari lake. Maneno yangu! Ukurasa wa thelathini na moja wa hotuba yangu!

Wamesema wengine, wamechora, wamefuta. Chakula. Profesa. Muzee alikuwa anasinzia na kuamka kwa heshima. Saa nane na nusu nikaitwa.

Nimeanza na Mfalme. Nikashuka kwa Waziri. Nilipofika kwa Gavana wa Jimbo, kiti kimoja kimelia. Nilipofika kwa naibu wake, safu nzima ya nyuma ilikuwa inatafuta kofia. Meli ikapiga honi. Bwana Direkta aliwatoa wageni taratibu, akinionyesha kwa mkono niendelee, niendelee. Profesa alikuwa wa mwisho. Aliinama kuniaga, akagusa saa yake, akaenda kwa ncha za viatu. Nilikuwa sijafika kwa mkuu wa kituo.

Wamebaki wanne. Dancille. Muzee. Mhudumu anayekusanya vikombe. Na mlangoni Ntirenganya, aliyekuja kwa sababu hana pa kwenda.

Nilikunja karatasi. Nilimwambia muzee kwamba imekwisha, twende nyumbani, na nilisema nikitazama viatu vyangu, kwa sababu nilikuwa na aibu kuliko siku zote za maisha yangu.

Muzee hakuinuka. Alisema: "Endelea, mutoto. Sikutoka Masisi juu ya kusikia nusu."

Basi nikaendelea. Bila karatasi, kwa Kiswahili, ili hata mhudumu aelewe. Nilieleza malori, foleni, na meli. Kisha, sijui ilitokaje, nikasema ile ya ng'ombe. Hori, asubuhi, ukungu, mwenye watatu kabla ya mwenye arobaini. Nilikiri niliiona kwake. Mhudumu aliweka sinia chini akakaa. Uso wa muzee ulifunguka, sijapata kuuona hivyo hata siku ya harusi.

Nilipomaliza alisimama na fimbo yake. Alisema nimeeleza vizuri, lakini nimeeleza nusu. Wakati ule wa uchumba, alisema, nilikuwa nikishiba maziwa mchana na kulala nyuma ya boma, yeye alikuwa ananiona na kunyamaza kwa ajili ya binti yake. Nusu ya pili inakuja wakati nilipokuwa nimelala. Jua likishavuka kilima, wadogo wanasimama kando, na aliyengoja tangu asubuhi ananywesha, hata akiwa na mia. Bila hivyo wenye makundi makubwa wangekuja na fimbo, na si za kuchungia.

Ntirenganya alipiga makofi peke yake, kwa muda mrefu sana.

Kisha muzee alinishika mkono mbele ya wote. "Kumbe ndiyo kazi yako," alisema. "Unapanga watu kwa hori. Hiyo ni kazi ya mutu mukubwa."

Nililia. Naandika wazi, nililia, na Dancille alinifuta kwa kitenge kipya. Ilikuwa dakika ya sitini na nne. Nilijumlisha na dakika za kulia, zikakaribia sabini.

Ijumaa, 13 Juni

Muzee ameondoka alfajiri. Wakati wa kuagana hakuuliza kazi nitaanza lini. Ameuliza tu yule mtu wa viazi atapakia leo? Nimesema ndiyo, muzee, leo leo.

Na nilikuwa na nia hiyo, Mungu shahidi. Lakini saa mbili limefika pikapu la vitunguu. Magunia tisa. Kisha kabichi kutoka Rutshuru, kidogo tu. Saa sita Ntirenganya amekuja, kofia mkononi, ameonyesha jua, kisha ameonyesha mlima. Nimemweleza kwa upole kwamba aliyoyasema muzee ni desturi nzuri, ila ni ya ng'ombe. Ng'ombe ana kiu. Kiazi hakina. Tena kanuni imeshaingia kwenye daftari la Profesa, na siwezi kuigeuza sasa bila kumwandikia barua. Amesikiliza. Amerudi kwenye lori lake. Nimeona amepanda viazi kadhaa kando ya ukuta wa gati, mstari ulionyooka, na anavimwagilia.

Mchana Bwana Direkta ameniletea waraka ulioachwa na Profesa. Mwakani mkutano utakuwa Bukavu! Wanaotaka kusema waandike sasa dakika wanazohitaji, na ratiba itapangwa tena kwa kanuni ya Goma, ambayo wajumbe wote wameisifu. Kanuni yangu!

Nimefikiri sana kuhusu kosa la jana. Nimeliona. Tisini zilikuwa chache. Nusu zimekwenda kwenye salamu, mkuu wa kituo hakusalimiwa kabisa, na ya ng'ombe imeingia kwa kubanwa. Nimeandika mia moja na themanini. Bwana Direkta ametia sahihi kabla ya chakula.

Nimemsomea Ntirenganya barua pale ukutani, maana alikuwa karibu. Amesema atakuja kunisikiliza. Ameuliza mwakani meli ya kwenda Bukavu itapakia gati hili hili? Nimesema hili hili. Amesema basi, hatahangaika kwenda nyumbani kwanza.