Spika Ghali kwa Wazee Watatu

Jumatatu, 2 Septemba

Wewe uliyeokota daftari hili, tafadhali. Nakuomba kwa mikono miwili. Usimsomee mtu hata mstari mmoja. Usimwambie mkeo, usimwambie kinyozi wako. Hasa usimwambie yule wa ofisi ya mtaa, kaunta ya tatu, mwenye miwani ya mnyororo shingoni. Huyo ni Dada Kwak. Atanicheka mpaka astaafu.

Mimi ni Tak Seung-mo, umri miaka ishirini na saba, karani wa ustawi wa wazee, kaunta ya nne. Nimo katika mwezi wa sita na wa mwisho wa kuangaliwa kazini. Tarehe thelathini Mkuu Bang, bosi wa kitengo chetu, ataandika mistari mitatu juu yangu. Ikiwa mizuri, nathibitishwa. Ikiwa mibaya, narudi kijijini, ambako mama alitundika bango la mita tano kwenye njia panda siku nilipofaulu mtihani wa ukarani. Jina langu kwa herufi nyekundu. Lipo hadi leo. Nani atalishusha? Mama hawezi. Mimi nitakuwa nimeshakufa kwa aibu.

Leo mkutano. Mtaa unanunua spika janja kwa wazee arobaini wanaoishi peke yao. Unaiambia ipige wimbo, inapiga. Inakukumbusha dawa. Ukipiga kelele za kuomba msaada, inaita gari la wagonjwa. Ziko aina mbili. Dalgaram, iliyovikwa kitambaa, sauti kama ya ukumbi wa muziki, won laki tatu. Na Kongi, ya plastiki, ndogo kama bakuli la wali, won elfu arobaini. Mkuu Bang akauliza maoni. Akanitazama mimi! Nikasema Dalgaram. Niliwaza haraka: hakuna karani aliyewahi kufukuzwa kwa kununua kitu kizuri. Hilo sikulisema. Nilisema ubora.

Dada Kwak, miaka kumi na mmoja kazini, akasema Kongi inatosha, mzee hahitaji ukumbi wa muziki ili aambiwe ameze kidonge. Mkuu Bang hapendi kuamua jambo kabla ya chakula cha mchana. Akaamuru jaribio la siku kumi. Wazee watatu wapewe Dalgaram kupitia kwangu, watatu Kongi kupitia kwa Dada Kwak. Kompyuta ya ofisi itahesabu kila spika inasemeshwa mara ngapi. Itakayoshinda ndiyo itakayonunuliwa.

Kwenye ngazi Dada Kwak akaniuliza: mdogo wangu, hao wazee unawajua, au umewasoma tu?

Wivu! Nusu nimeshashinda.

Jumatano, 4 Septemba

Siku ya fahari. Nimegawa zote tatu.

Bibi Maeng, miaka themanini na minne, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiinamia. Akaipangusa kwa kitambaa safi ingawa ilikuwa safi kuliko kitambaa. Akauliza bei. Nikaitaja, nikaongeza kidogo. Lazima mtu ajue thamani ya alichopewa! Akakaa chini palepale sakafuni. Akaninong'oneza, kana kwamba spika itasikia, kwamba hata jeneza la marehemu mumewe halikufika bei hiyo. Akanimenyea pea nzima.

Mzee Ok, aliyekuwa mkagua tiketi wa treni, akaniomba nisiibandue ile karatasi ya plastiki iliyoifunika. Nikamwachia. Nikamtajia bei. Akasimama wima.

Bibi Seo, mwenye magoti mabovu, alitoa machozi. Alisema katika maisha yake yote hajawahi kumiliki kitu kinachomtia aibu kwa uzuri.

Hivyo ndivyo watu wanavyopokea ubora! Dada Kwak alirudi saa moja kabla yangu. Ati bibi mmoja aliiweka Kongi kando ya beseni la kimchi, kabichi yake ya pilipili, akaiambia inyamaze, haijaulizwa. Nilimhurumia. Sikumwonyesha.

Ijumaa, 6 Septemba

Hesabu za kwanza. Spika za Dada Kwak: mara sitini na moja, arobaini na nane, sabini na saba. Yule wa beseni la kimchi ndiye wa sabini na saba. Anagombana nayo tangu alfajiri.

Zangu: sifuri. Sifuri. Sifuri.

Nilikwenda chooni nikanawa uso. Nikaliona bango. Nikamwona mama juu ya ngazi akikata kamba.

Lakini akili haikunitupa! Mkutanoni nikasimama nikaeleza kwamba mzee anayeisemesha spika mara sabini na saba ni mzee mwenye shida sabini na saba. Wazee wangu wako kimya. Kimya maana yake wameridhika. Dharura: hakuna hata moja. Mkuu Bang alitikisa kichwa polepole, juu chini, si kushoto kulia. Ushindi!

Dada Kwak akasema bila kuinua macho: hata makaburini hakuna dharura, Mkuu.

Watu wengine hawajui kushindwa kwa adabu.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimekwenda kuwatembelea siku yangu ya mapumziko, bila kumuaga mtu.

Kwa Bibi Maeng, spika haionekani. Nikauliza. Akafungua kabati. Imo ndani, imefungwa kwa kitambaa cha hariri ya waridi, fundo zuri, imekaa juu ya sanda aliyojishonea mwenyewe. Nikamsihi aitoe. Akanikemea. "Kitu cha laki tatu na nusu nikisemeshe mie na meno haya? Mwanangu anakuja sikukuu ya mavuno, Chuseok. Chake hicho." Laki tatu na nusu. Ile nusu niliiongeza mimi.

Kwa Mzee Ok, ipo mezani, lakini waya umechomolewa na kukunjwa vizuri. Umeme, aliniambia. Huachi taa ikiwaka chumba kisicho na mtu, na hiyo ndani haina mtu.

Kwa Bibi Seo, haipo kabisa. Jana aliibeba kwenye mkokoteni wake wa sokoni, akampelekea daktari wa magoti. Zawadi ya Chuseok. Miaka tisa daktari yule anamchoma sindano kwa upole, na kila mwaka yeye humpelekea sanduku la sabuni. Mwaka huu, kwa hisani yangu, hakuona aibu.

Mali ya serikali! Yenye namba nyuma! Niliyoisaini mimi!

Jumanne, 10 Septemba

Sikiliza jinsi bahati inavyomtafuta mtu aliyejiandaa.

Jana mchana nilikwenda kliniki kuirudisha. Nilikuwa nimejifunza hotuba kwa moyo. Nikafungua mlango wa chumba cha kusubiri. Wazee kumi na mmoja, magoti yamefungwa bandeji, wameizunguka Dalgaram iliyo juu ya meza ya majarida. Mmoja anataka wimbo wa mapenzi. Mwingine anamwambia anyamaze, ni zamu yake, anataka kujua kama mvua itanyesha siku ya kuchimba viazi vitamu. Wa tatu anaiuliza spika kama ni halali mkwe kununua kimchi ya dukani. Spika ikajibu kwa heshima kwamba haina uhakika. Wakaishangilia! Na ile sauti! Ilijaa chumba kizima, hata mwenye masikio mazito alikuwa akipiga makofi kwenye paja. Muuguzi alikuwa akiita majina na hakuna aliyetaka kuingia kwa daktari.

Nikatoka kinyumenyume.

Leo asubuhi hesabu: Bibi Seo, mara mia nne na kumi na mbili kwa siku moja.

Nilimpelekea Mkuu Bang karatasi mwenyewe. Aliweka kikombe cha kahawa chini. Akauliza, bibi mmoja? Nikasema ndiyo, Mkuu, ni mpweke sana.

Akavua miwani. Machoni mlikuwa na unyevu. Akasema Alhamisi atakwenda mwenyewe kumtembelea, pamoja na mpiga picha wa jarida la mtaa.

Ushindi. Nadhani.

Jumatano, 11 Septemba

Mpango: kuazima spika ya Bibi Maeng, kuiweka kwa Bibi Seo, picha, kuirudisha. Mpango safi!

Bibi Maeng alifungua fundo kana kwamba anafungua kidonda. Akaniandikisha hati na kunipigisha dole gumba. Nikipotea na spika, atakwenda kwa mama yangu. Ameshauliza kijiji.

Bibi Seo nilimfundisha maneno nusu saa: anaipenda, anaongea nayo asubuhi mpaka jioni. Nikamwomba radhi kwa kumhusisha na jambo lisilo nyoofu. Akanipiga begani. "We mtoto! Mimi kuidanganya serikali nilianza kabla baba yako hajazaliwa. Kanyooshe shati lako."

Alhamisi, 12 Septemba

Bibi Seo alivaa hanbok, vazi la sherehe alilolivaa kwenye arusi ya mwanawe. Spika aliiweka juu ya mto wa hariri. Mkuu Bang alikaa sakafuni mbele yake kama mkwe mpya. Bibi alisema maneno yote niliyomfundisha, na mengine bora kuliko yangu. Alisema tangu aipate spika hii amesahau kuwa ni mjane. Mpiga picha alivuta kamasi. Mimi nilikuwa mlangoni, naelea!

Kisha mpiga picha akamwomba aisemeshe.

Bibi Seo akaiamkia. Spika ikawaka taa yake ya buluu, na kwa ile sauti ya ukumbi wa muziki ikajibu: "Hujambo, Bibi Maeng! Leo ni mara yako ya kwanza kunisemesha."

Niliisajili mimi mwenyewe. Kwa jina kamili. Mimi ni mwangalifu.

Mkuu Bang akageuza shingo kunitazama. Bibi Seo hakupepesa jicho. Akasema msameheni, mashine nayo inazeeka, inachanganya majina. Lakini Mkuu alibaki kimya, na Bibi Seo havumilii mgeni akae kimya nyumbani kwake. Akamwaga yote. Kwamba yake amempa daktari. Kwamba kitu kizuri hivyo mtu hakiweki, humpa anayestahili. Kwamba huyu kijana asilaumiwe, ana moyo mzuri ila hana akili ya nyumbani.

Mkuu Bang akasema neno moja: kliniki.

Tulitembea. Dakika kumi na mbili. Kliniki, wazee wale wale. Mkuu akasimama mlangoni. Mzee mmoja akamfokea: ingia au toka, we unazuia sauti! Mkuu Bang akaingia. Akakaa katikati yao. Baada ya nyimbo tatu akainua mkono, kama mtoto wa shule, akaomba wake.

Akauimba wote. Bila kunitazama.

Nimeanza kuandika barua ya kujiuzulu. Rasimu ya nne.

Ijumaa, 13 Septemba

NIMESHINDA!

Mkuu aliniita. Dada Kwak alikuwepo tayari, na karatasi moja mezani. Kichwa chake: "Matokeo ya Uchunguzi wa Karani Tak." Mimi sikuiandika! Inasema spika ghali haifai nyumbani kwa mzee wa peke yake, kwa kuwa ataitunza au ataigawa. Ya bei ndogo ataitumia, maana haimtishi. Lakini mahali pa wengi, pasipo mwenyewe, pana kelele na masikio mazito, ile ghali yastahili kila won. Basi: Kongi arobaini majumbani, Dalgaram nne kwenye kumbi za wazee. Ya kliniki ibaki hapo hapo, iandikwe kama kituo cha majaribio.

Mkuu Bang akapiga muhuri. Akasema kwa karani mpya kulijua hilo ndani ya siku kumi si haba. Nikainama mpaka paji la uso likagusa meza.

Dalgaram nne! Za kwangu! Dada Kwak lazima moyo unamuuma. Hata hivyo alinilipia chakula cha mchana, supu ya tofu. Akaniambia, mdogo wangu, nakuomba kitu kimoja tu maishani, usiwatajie bei. Alisema na mengine. Sikuyasikia vizuri, nilikuwa nikiutunga ujumbe kwa mama.

Spika ya Bibi Maeng nimeirudisha. Aliikagua kwa dakika kumi, akalifunga fundo upya.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimethibitishwa! Mistari mitatu, nimeinakili: "Karani Tak ni mwangalifu. Hufika mapema. Wazee wanamwonea huruma." Mama ameagiza bango la pili.

Leo pia mkutano. Majira ya baridi yanakuja, mtaa unanunua mikeka ya umeme ya kulalia kwa wazee wale wale. Aina mbili. Mkono wangu ulikuwa juu kabla Mkuu hajamaliza swali. Ile ghali! Na safari hii sibahatishi. Nimechapa kadi zenye bei kwa tarakimu kubwa kama kiganja, za kuwaonyesha mlangoni kabla hata sijavua viatu, ili waielewe heshima ya kitu. Dada Kwak alilaza paji la uso juu ya meza akakaa hivyo kwa muda. Uchovu, nadhani. Umri.

Basi, ewe uliyeokota daftari, ukitaka kulirudisha, au ukihitaji ushauri wa kununua chochote, fanya hivi. Usipige simu, anapokea Dada Kwak. Njoo kaunta ya nne, chukua namba. Zamu yako ikifika, sema kwa sauti ya chini kwamba unataka stika ya ruhusa ya kutupa kabati kuukuu. Nitakujibu kwamba stika zimekwisha. Usiondoke. Nifuate kwenye ngazi, daftari likiwa ndani ya gazeti. Siku yoyote ya kazi isipokuwa Alhamisi. Alhamisi nitakuwa ghorofa ya nne kwa Bibi Maeng, nikimsomea bei.