Meza Yangu na Tepu ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Chumba cha binti yetu sasa ni changu! Kaolewa, kitanda kimemfuata, na Baba Watoto alishaanza kukitolea macho apate pa kuweka baiskeli yake mbovu. Ng'o! Nimemtangazia kwamba hicho ni chumba cha ushonaji. Akauliza nitashona nini, maana tangu tuoane nimeshona kifungo kimoja, nacho kilidondoka siku hiyo hiyo. Mambo makubwa hayaelezwi kwa mtu anayetafuna mkate.

Lakini hapa nitasema. Kwaya inataka majoho mapya thelathini. Jumamosi saa nne mwenyekiti wao atakagua sehemu mbili za kazi, yangu na ya Wifi, na joho la mfano ambalo kila mmoja atamshonea kwa vipimo alivyotuandikia kwenye karatasi, ndipo aamue nani apewe. Wifi ni dada yake Baba Watoto, anakaa nyumba ya pili, na kwa miaka ishirini na sita masikio yangu yamechoka na sifa zake. Wifi ana mkono! Wifi kashona hiki, Wifi kashona kile! Na anashonea wapi? Kwenye meza ya kulia, cherehani huku, birika la chai kule. Ufundi gani huo? Ushonaji ni meza. Mpe hata mbuzi meza ya maana, atashona suti.

Cherehani ya mtumba ninayo. Tepu mpya ya kupimia ninayo, ya njano. Bado meza.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo ambalo Wifi hawezi kulipata hata akiishi miaka mia.

Nilikwenda kwake na uso wa huzuni, nikasema tepu yangu imepotea, aniazime yake. Akaitoa shingoni papo hapo, akasema chukua wifi yangu, ukimaliza utaleta. Mjinga wa wajinga! Nyumbani nikakata sentimita kumi za mwanzo, nikakirudisha kile kibati cha ncha kwa koleo. Huwezi kujua. Mtu akipima hutazama namba ya mwisho. Nani anahangaika na mwanzo? Sasa Wifi akisoma mia na arobaini, kitambaa ni mia na thelathini. Acha amshonee mwenyekiti joho la mfano lililo fupi, tuone huo mkono wake.

Sijakaa sawa, hodi! Wifi mwenyewe, kaja kuchukua tepu yake. Tepu zote mbili zilikuwa kwenye kopo la biskuti, zote za njano. Nikachomoa moja nikampa, na tabasamu juu. Wengine wangebabaika. Mimi si mtu wa kuchanganya vitu.

Jumatano, 5 Machi

Fundi seremala kaja. Mtaani wanamwita Kesho, na asiyejua kwa nini ampe kazi. Mwembamba kama ufito, maneno mengi.

Meza itakaa kwenye ukuta wa mlango, kuanzia kwenye kona ya chumba hadi kwenye fremu. Nimepima mwenyewe: mia na hamsini kamili. Kesho akatoa tepu yake ya chuma ahakikishe. Nikamwambia airudishe mfukoni. Tangu lini seremala akampimia fundi cherehani? Akatengeneze meza ya mia na hamsini, basi.

Jioni nikampima Baba Watoto kiuno kwa ajili ya mazoezi. Mia na kumi na nne! Mwaka jana alikuwa mia na nne. Nikamweleza bila kumung'unya maneno kwamba anaishi ili ale. Amenuna, mkate hajaugusa. Afadhali.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho hajaja. Ametuma salamu kwamba anakuja kesho. Dharau tupu! Nimelishona joho langu la mfano nimekaa sakafuni.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Kesho alifika saa mbili na mbao zake zimeshakatwa. Nikafunga mlango ili Wifi asichungulie, naye akaiungia meza humo ndani na kuibana ukutani kwa misumari ya zege, isitikisike cherehani ikikimbia. Katikati ya kazi akasema mama, mbona hii meza imepita fremu, imekuja mbele ya mlango. Nikamwambia nimepima, na namba hazisemi uongo. Akasema haya, mama, meza ni yako. Akagonga.

Alipomaliza akataka kutoka. Mlango unafungukia ndani. Meza imeubana upande wa kitasa kwa sentimita kumi. Tukavuta. Baba Watoto akasukuma kwa nje, akapumzika, akasukuma. Hola! Kesho akasema hapo ni mtaimbo tu, akajipenyeza dirishani, akaniahidi anarudi sasa hivi. Kesho huyo huyo! Nami nikajaribu dirisha. Bega la kulia lilipita. Tuishie hapo.

Saa nne kamili, mwenyekiti wa kwaya. Mwanamke wa miraba minne, saa mkononi. Akauliza mlango wa kuingilia uko wapi. Nikasema kwangu wateja wanahudumiwa dirishani, kama benki. Nikampitishia joho la mfano. Akalivaa. Likaishia katikati ya miguu, viganja vyote na vifundo vya mikono nje! Akauliza kama ni la kwaya ya watoto. Na Baba Watoto, mume wangu wa ndoa, akacheka mpaka akakaa chini.

Ndipo Wifi akaja, sindano kwenye kanga ya kifuani, tepu shingoni. Akahakikisha vipimo vya mwenyekiti pale pale uani kwa dakika mbili, akaenda kwake, akarudi na joho la mfano alilokwisha kulishona. Kimo sawasawa! Tepu niliyoikata kwa mkono wangu, na bado joho limemkaa. Huyo mwanamke si bure.

Majoho yote thelathini kapewa yeye. Sikulia. Nilitokwa na machozi tu.

Halafu akanisogelea dirishani na kikombe cha chai na upande wa kitambaa, akasema pole wifi yangu, kwa kuwa hapo huna la kufanya, nipigie pindo kwa mkono. Nimepiga pindo nne. Chai ilikuwa na sukari kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Kesho kaja leo na mtaimbo. Niko huru. Meza ina ufa, na baiskeli imeshaegemezwa juu yake.

Lakini nimegundua jambo! Nimeikunjua tepu yangu niitazame vizuri. Inaanzia kumi na moja. Kumi na moja! Imekatwa, na kibati kimerudishwa kwa koleo, kazi safi kabisa. Wifi! Alipokuja Jumanne lazima alitia mkono kwenye kopo. Roho gani ya mtu inakata tepu ya mwenzake? Na jana ananipa chai, eti pole wifi yangu! Nimemwonyesha Baba Watoto. Kaitazama tepu, kanitazama mimi, kauliza kiuno chake sasa ni ngapi, kisha kaenda kuchukua mkate.

Sawa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Wifi ataingia mzima mzima. Kesho naenda na uso wa huzuni kuazima tepu yake. Safari hii nakata ishirini.